SIKU SABA ZA LIKIZO KWA PAMITI MOJA



Wengi wenu mnamfahamu yule mzee wa trekta wa kambi yetu, ambaye jina lake sitaliandika hapa kwa sababu mambo yake bado hayajakwisha. Amevuta matrela ya miwa kwa miaka kumi na tisa. Nusu ya madereva wa trekta tulio nao alifundisha yeye, na kwa miaka yote hiyo hajapindua trela hata moja, wala hajamgusa mtu njiani. Leo ukipita shambani asubuhi utamkuta na panga mkononi, amejipanga pamoja na wakataji, analipwa kwa tani kama kijana wa miaka ishirini. Hakuiba dizeli. Hakulewa kazini. Kilichomwondoa kwenye trekta ni kadi ndogo ya plastiki inayoenea kwenye mfuko wa shati.

Tawi limeniomba nieleze habari hii kwa sababu mimi pia ni dereva, wa lori la miwa, na mwaka 2023 nilipita njia ileile aliyopita mzee. Tofauti ni kwamba mimi nilitoka upande wa pili nikiwa na kadi yangu. Mji wenye ofisi hiyo sitautaja, wala shamba letu. Wanaokaa upande huu wa mashariki ya Uganda watajua wenyewe, na wanaokaa kwingine wataona kwamba ofisi yao inafanana na hii yetu kama mapacha.

Kwanza niwaeleze wenzetu wa viwandani ambao hawajapata kushika usukani. Leseni ya udereva, ambayo sisi huku tunaiita pamiti, hairuhusu kuendesha kila chombo. Imegawanywa kwa herufi. Pikipiki ina herufi yake, gari dogo lina yake, malori ya wastani na malori makubwa kila moja lina yake, mabasi yamegawanywa mara tatu kufuata ukubwa, na trekta nalo lina herufi yake peke yake. Kwa hiyo dereva wa shamba hawezi kusema tu kwamba ana pamiti. Bwana msimamizi anapoleta chombo kipya, dereva analazimika kurudi ofisini kuongeza herufi nyingine. Zamani pamiti ilikuwa kijitabu cha karatasi. Baadaye ikaja kadi, ikitengenezwa na kampuni ya Afrika Kusini, na tangu Machi 2021 kazi hiyo imo mikononi mwa kampuni ya uchapaji ambayo Serikali ya Uganda ina hisa pamoja na Wajerumani. Kadi ni nzuri, siikatai. Lakini kabla hujafika kwenye mashine inayoichapa, unapita kwenye madirisha, na madirisha ndiyo yaleyale ya zamani.

Mimi nilikwenda kuongeza herufi ya kuvuta trela. Shamba lilikuwa limenunua malori mapya, na tuliambiwa waziwazi kwamba asiye na herufi hiyo atabaki kwenye yadi kuosha magari.

Siku ya kwanza niliamka saa tisa usiku. Nilipanda bodaboda hadi barabara kuu, nikapata teksi, nikafika mlangoni kabla jua halijatoka. Nikadhani mimi ni wa kwanza. Kumbe ukuta mzima ulikuwa na watu wamekaa chini, wengine wamejifunika makoti, mama mmoja amekuja kufuatilia pamiti ya mumewe aliyevunjika mguu. Kijana mwenye daftari akanijia, akaniambia nijiandikishe, na namba yangu akaiandika kwa kalamu kwenye kiganja: 74. Nikamuuliza, wewe ni karani wa hapa? Akacheka. Nilikuja kujua baadaye kwamba si karani wala si mtu yeyote. Anakuja usiku, anajiandika majina ya uongo kwenye kurasa za mwanzo, halafu anaziuza namba hizo kwa wenye haraka.

Dirisha likafunguliwa saa tatu na nusu. Ilipofika saa saba mchana walikuwa wamefika namba 41. Karani akatoa kichwa, akasema mtandao umeanguka, njooni kesho. Watu hawakugomba hata kidogo, na hilo ndilo lililonishangaza. Waliinuka, wakapangusa vumbi kwenye suruali, wakaondoka kama watu waliomaliza mazishi. Mzee mmoja wa makamo akasema subira huvuta heri. Mwingine akamjibu kwamba yeye subira yake imekwisha vuta nauli ya mara nne.

Siku ya pili nikapata dirisha, nikapewa karatasi ya malipo ya kupeleka benki. Benki ilikuwa na foleni yake. Siku ya tatu nikarudi na risiti, nikiwa na furaha, karani akatazama kitambulisho changu cha taifa, akatazama pamiti yangu ya zamani, akanirudishia vyote viwili. Jina langu kwenye kitambulisho lina herufi r, na kwenye pamiti lina l. Ndugu zangu, sisi wa upande huu r na l tunazichanganya tangu tuzaliwe, na aliyeandika l si mimi, ni karani mwenzake wa miaka ya nyuma. Lakini kosa lilikuwa lake na gharama ikawa yangu: niende kwa wakili nikaape kwamba mtu mwenye r na mtu mwenye l ni mtu mmoja. Nikaapa. Wakili hakuniuliza hata swali moja, alipiga muhuri huku anaongea na simu, na akachukua fedha ambayo ingenunua posho ya nyumba yangu kwa wiki mbili.

Siku ya nne mkaguzi wa magari hakuwapo. Hapa nataka kuwa mwadilifu. Mkaguzi ni polisi, na hakuwekwa pale kwa ajili ya mitihani peke yake. Gari likigonga mahali popote katika eneo lake, ni yeye anayetakiwa kwenda kukagua breki na usukani na kuandika ripoti. Siku ile kulikuwa na ajali mbaya, na afande alikuwa huko tangu alfajiri. Sasa ungemlaumu kwa lipi? Karani naye, nilipozungumza naye baadaye akiwa anakula maharage kwenye kibanda nje ya lango, aliniambia kwamba kompyuta ziko mbili na moja imekufa, na watu wakimtukana dirishani yeye hana wa kumtukana. Yule ni mfanyakazi kama sisi, na hana hata chama. Nilimwambia afikirie hilo.

Siku ya tano nikafanya mtihani wa kuendesha, nikapita. Ya sita nikapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Ya saba nikachukua kadi.

Hesabu hizo siku saba kwa jicho la mfanyakazi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku saba za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka. Ofisi ya waajiri wetu iliandika siku zangu zote saba kuwa likizo. Kwa maneno mengine, theluthi ya mapumziko yangu ya mwaka niliitumia ukutani, ili niweze kuendesha lori la tajiri, kwenye kazi ya tajiri, kwa herufi ambayo yeye ndiye aliyeitaka. Mke wangu alikuwa na mipango na siku zile. Mama yangu yuko mbali na alikuwa mgonjwa, na nilimwona Desemba badala ya Agosti.

Na mimi nilikuwa na bahati. Ninajua kusoma fomu.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Pamiti yake ilikwisha muda miaka ya ugonjwa wa korona, wakati fedha ilikuwa haba na barabara zimefungwa, na aliporudi ofisini akaambiwa dirishani kwamba imelala mno, inabidi apimwe upya kama mwanafunzi. Hakukataa. Alivaa shati lake la Jumapili, akaenda. Fomu imeandikwa kwa Kiingereza, akamlipa kijana wa mlangoni amjazie. Alipofika mbele ya mkaguzi, kijana wa umri wa mwanawe wa tatu, akaulizwa kwa Kiingereza maana ya mstari mweupe usiokatika katikati ya barabara. Mzee akajibu kwa Kiswahili kwamba mstari ule huuvuki, hata kama mbele yako kuna punda anayelala. Afande akasema hapa ni ofisi, jibu kwa lugha ya ofisi. Mzee akanyamaza, maana hana lugha hiyo. Basi afande akamfukuza, na alipomfukuza, alimfukuza kwa Kiswahili safi kabisa.

Hapo ndipo panaponiuma. Polisi wa nchi hii wameelewana kwa Kiswahili tangu enzi za Waingereza. Kwenye vizuizi vya barabarani wanatusimamisha kwa Kiswahili, na wanatukamata kwa Kiswahili. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itumike kwa namna Bunge litakavyoweka kwa sheria. Kwenye kambi zetu, ambako Msoga, Mteso, Mluo na Mlugbara wanakaa laini moja, ndiyo lugha ya kazi, na bila hiyo miwa isingefika kiwandani. Lakini ikifika zamu ya kumpima dereva kama anajua barabara, Kiswahili hakifai. Je, trekta linajua Kiingereza?

Mwenzetu mmoja aliyetoka upande wa Kisumu alinisimulia kwamba Kenya mtahiniwa huanzia kwenye ubao mpana uliochorwa mji mdogo, wenye mizunguko na njia za kupinda, anasukuma kigari cha kuchezea huku akieleza anakokwenda. Mwanzoni nilicheka, kwa jinsi ilivyo mchezo wa watoto. Sasa sicheki. Mzee wetu angewekewa ubao ule angekionyesha kidole kila kitu, bila kuhitaji neno moja.

Mzee alirudi mara tatu. Mara ya tatu yule kijana wa daftari akamvuta pembeni, akamwambia, baba, utakufa unapanga foleni, nipe kitu kidogo na picha mbili, kadi utaipata Ijumaa. Mzee akatoa akiba ya karo ya mjukuu. Na kweli Ijumaa kadi ikaja, yenye picha yake, yenye herufi yake, inang'aa kuliko ya kwangu. Aliionyesha kambi nzima.

Ilidumu majuma matano. Trekta letu linapotoka shamba la chini kwenda kwenye mizani hukanyaga barabara ya serikali kwa muda mfupi, pengine kama kilomita moja na nusu. Hapo polisi wakasimamisha, wakaipitisha kadi kwenye kifaa chao, haikuwamo. Mzee akashushwa. Trela lenye miwa likabaki kando ya barabara mpaka kesho yake. Mnajua miwa iliyokatwa haingoji, ikipita siku moja au mbili sukari inaanza kupotea, na hasara hiyo nayo ikaandikwa kwenye jina lake. Alilala kituoni siku mbili. Shamba lilitaka kumfukuza kabisa. Katibu wa tawi na wenzake walikaa na uongozi tangu saa nne hadi magharibi, ndipo ikapatikana hiyo nafasi ya kukata miwa, tena kwa muda, mpaka kesi itakapoamuliwa.

Wako wanaosema mzee alijitakia. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009 inawashika wote wawili, anayetoa na anayepokea, hilo ni kweli, na mzee mwenyewe halikatai. Lakini nauliza, kijana wa daftari yuko wapi? Nilipopita pale mwezi uliopita alikuwa kwenye ukuta uleule, na daftari jipya. Na mimi ninayeandika haya nisijifanye mtakatifu. Siku ile ya nne, afande alipokuwa kwenye ajali, kijana yule alinifuata mpaka kituo cha teksi, na nilikwisha kuingiza mkono mfukoni. Kilichoniokoa ni kwamba fedha niliyokuwa nayo haikutosha.

Jambo hili si la mji wetu peke yake, wala si la Uganda peke yake. Afrika Kusini, nchi yenye viwanda kuliko sisi sote, kadi za leseni za nchi nzima zilikuwa zinachapwa na mashine moja tu. Iliharibika Novemba 2021, ikabidi sehemu zake zipelekwe Ujerumani kutengenezwa, na madereva wakangoja mpaka Januari 2022 kazi ianze tena, huku kadi zao, ambazo hudumu miaka mitano tu, zikiendelea kwisha muda. Hakuna dereva aliyeulizwa kama mashine moja inatosha. Dereva anaulizwa kitu kimoja tu, barabarani: iko wapi?

Na akiikosa, bima nayo inamgeuka. Mikataba ya bima ya magari kwa kawaida inataka aliyeshika usukani awe na leseni halali ya chombo kile. Msimamizi anayekwambia panda tu, pamiti utashughulikia wiki ijayo, mwulize kama atakuandikia maneno hayo kwenye karatasi na kuweka sahihi. Mimi nilimwuliza wa kwetu. Alikumbuka ana kazi nyingine.

Baada ya mambo ya mzee, tawi letu liliweka madai mawili mezani. La kwanza, siku zinazotumika kutafuta pamiti ya kazi zihesabiwe kuwa siku za kazi, zisikatwe kwenye likizo. La pili, shamba liiandikie ofisi ile barua kuomba mkaguzi aje kwenye yadi yetu siku moja kila mwezi, awapime madereva wote kwa pamoja, tukiwa na mkalimani wetu kama itahitajika. Uongozi ulikataa la kwanza kwa maneno matamu, ukasema utafikiria. Tulipowaletea hesabu ya siku ambazo malori yalisimama msimu uliopita kwa sababu madereva wako ukutani mjini, wakakubali siku mbili kwa kila dereva. Si saba, ni mbili. Imo kwenye mapatano sasa, kwa maandishi.

La pili lilikwenda kwa namna yake. Mkaguzi alikuja kweli, Jumanne moja, akapima madereva kumi na wanne kwa nusu siku na kumi na mmoja wakapita. Tulimwekea meza chini ya mwembe, na chai ya halali yenye maziwa, mbele ya watu wote. Hakuwa yule aliyemfukuza mzee. Huyu aliuliza kwa Kiswahili bila kuombwa. Mzee alisimama nje ya waya na panga lake, maana hakuruhusiwa kuingia kabla ya kesi. Kijana mmoja alipokuwa anarudisha trela nyuma, likaanza kumkunjia vibaya, sauti ikatoka nje ya waya: "Usukani upande wa pili, kijana wangu! Upande wa pili!" Kijana akageuza, trela likanyooka. Mkaguzi akainua kichwa, akauliza yule mzee ni nani, kwa nini hapimwi. Nyapara akamweleza. Mkaguzi hakusema neno, aliandika kitu kwenye karatasi yake akaendelea.

Mwezi uliofuata hakuja mtu. Wala mwezi wa baada yake. Tawi limeandika barua nyingine, na safari hii nakala imekwenda makao makuu ya chama na kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali, pamoja na maelezo kuhusu daftari la pale ukutani. Kesi ya mzee imeahirishwa mara mbili.

Kwa madereva wote wa mashamba na viwanda wanaosoma ukurasa huu: katibu wenu wa tawi anahitaji hesabu. Andikeni tarehe mlizokwenda ofisini, saa mliyofika, mliloambiwa dirishani, na nauli mliyotumia. Risiti msizitupe, hata ya wakili. Wasiojua kuandika waje ofisi ya tawi Alhamisi jioni baada ya kazi, nitakuwapo na kalamu, na sitatoza kitu.